Mtoto Aliyebaki

Mwalimu mkuu Halvard alikuwa na penseli, na penseli ile ndiyo iliyomkera Gunnvor kuliko maneno yenyewe. Angeshika kalamu ya wino, Gunnvor angesema basi, huyu keshaamua. Lakini penseli ilikuwa kama mtu anayekuomba radhi huku bado amekukanyaga mguu.

"Hapa," Halvard alisema, akigusa karatasi ya hotuba ya Gunnvor kwa ncha yake. "Hapa unaposema ulipiga simu shuleni mara sita."

"Nilipiga."

"Sikatai, Gunnvor. Hakuna anayekataa. Ila siku yenyewe ni ya matumaini, unaona. Darasa la nane watakuwepo, bado wadogo wale. Tukianza kuhesabiana simu..."

"Simhesabii mtu. Nasema tu nilipiga."

"Tuseme hivi: 'Tulitafuta msaada.' Ni fupi, na ni kweli vilevile."

Akachora mstari juu ya sentensi ile, mstari mwembamba, wa adabu. Gunnvor alikuwa bado na sare ya dukani, aproni ikiwa imekunjwa mapajani, na nywele zake zilinukia mikate aliyoitoa jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Alitaka kumwambia kwamba yeye Halvard mwenyewe ndiye aliyepokea mbili kati ya simu hizo. Badala yake akasema, "Sawa." Tangu Vetle afe alikuwa ameitumia sawa hiyo mpaka imechujuka kama kitambaa cha kufutia meza.

Vetle alikuwa mwanawe wa kwanza. Alijitoa uhai akiwa na miaka kumi na tano, darasa la kumi la shule hiyohiyo, na sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu. Shule ilikuwa inaandaa Siku ya Afya ya Akili, na kamati ikaona hapa kisiwani hakuna anayefaa kusimama mbele ya watoto kama mama yake. Walikuja wawili nyumbani kumwomba, na keki mkononi. Mtu hakatai keki.

"Jambo la mwisho ni picha," Halvard alisema, akirudisha penseli kikombeni. "Moja inatosha. Awe peke yake, na anatabasamu, kama ipo."

* * *

Jioni ile Gunnvor alikaa mezani na simu yake, akipitia picha huku viazi vikichemka. Picha zilikuwa nyingi, ila tabasamu lilikuwa la kutafuta kwa tochi. Mwaka wake wa mwisho Vetle alikuwa amejifunza kukaa nyuma ya watu kila kamera inapoinuliwa. Hatimaye akaipata moja, ya kiangazi, kwenye gati la babu yake, nywele zimelowa na meno yote nje. Alikuwa na mdogo wake. Ragnhild alikuwa amemshika bega, akimcheka kwa jambo ambalo sasa hakuna aliyelikumbuka.

Awe peke yake, Halvard alikuwa amesema. Gunnvor akavuta ukingo wa picha kwa kidole, na Ragnhild akatoka. Kazi ya sekunde tatu. Akaituma kabla viazi havijaiva.

Walikula watatu, kiti cha nne kikiwa kimesukumwa ukutani. Torleif, mumewe, alikuwa amerudi kutoka kwenye kivuko alikofanya kazi miaka kumi na tisa, akielekeza magari kupanda na kushuka. Hakuwa mtu wa maneno hata kabla ya msiba, na msiba ulikuwa umemchukulia hata yale machache.

"Kwa hiyo unakwenda," alisema.

"Nakwenda."

"Kisiwa kizima kinajua. Unakwenda kuwaambia nini wasichokijua?"

"Nakwenda kwa ajili ya watoto wengine, Torleif. Wapo wanaoumia pale wakati huu, na hakuna anayejua."

"Watoto wengine," Ragnhild alisema polepole, kama anayejaribu kama chai imepoa. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama yake tayari. Samaki wake alikuwa amegawanywa vipande vidogovidogo na kupangwa upya, kwa ustadi, ili sahani ionekane imeliwa.

"Huli?" Gunnvor aliuliza.

"Nimeshiba." Kisha, bila kuinua macho: "Mama, usije."

"Kwa nini?"

"Usije tu."

"Unanionea aibu?"

Ragnhild alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Akainuka na sahani yake.

"Basi njoo," alisema akiwa kwenye sinki, amewapa mgongo. "Utafanya unavyotaka. Si ndivyo siku zote."

Gunnvor alilimeza neno lile na kiazi. Ujana, akajiambia. Watoto wa umri ule huona haya hata mama yao akipiga chafya.

* * *

Ijumaa asubuhi ukumbi wa mazoezi ulikuwa umepambwa kwa maputo ya njano. Mezani palikuwa na maandazi ya mdalasini, trei nane, na Gunnvor aliyajua vizuri kwa sababu ndiye aliyeyaoka. Kila mwanafunzi alipewa kadi imeandikwa Uko sawa?, ampe mwenzake. Wavulana wawili wa darasa la tisa walikuwa wanarushiana zao. "We, uko sawa?" "Siko sawa, nipe andazi lako nipone!" Wakacheka, kisha mmoja akamwona Gunnvor, akampiga mwenziwe kiwiko, wakanyamaza kama watu waliokutwa wanaiba.

Alishazoea. Hata dukani watu walikuwa wakimwona wanageuza vigari na kwenda kununua sabuni wasiyoihitaji.

Kjersti, mshauri wa wanafunzi, mwanamke mwema mwenye watoto mia tatu wa kuwashauri na siku mbili na nusu za kufanyia kazi hiyo, alimkumbatia na kumwelekeza jukwaani. "Tumemweka Ragnhild mbele kabisa," alinong'ona. "Akupe nguvu. Na yule wa gazeti atapata picha yenu wawili baadaye, kama hamtajali."

Ragnhild alikuwa kweli mstari wa mbele, katikati, viti viwili upande huu na viwili upande ule vikiwa vitupu. Hakuna aliyekatazwa kukaa pale. Hakuna aliyekaa tu.

Halvard alizungumza kwanza. Alisema shule yao ni familia na milango yao iko wazi. Akamshukuru Gunnvor kwa ujasiri wake, watoto wakapiga makofi bila kujua kama makofi yanafaa, na Gunnvor akasimama mbele ya maikrofoni na karatasi yake safi, iliyochapwa upya, isiyo na simu hata moja.

"Naitwa Gunnvor," alisoma. "Nilikuwa mama yake Vetle."

Nyuma yake skrini ikawaka. Alijua kwa nyuso zao, zote ziliinuka pamoja. Akageuka.

Vetle alikuwa mkubwa kama ukuta. Kila jino lilionekana, kila tone la maji shingoni. Na begani mwake, kwenye ukingo wa picha, palikuwa na vidole vinne na kucha zilizopakwa rangi ya samawati zinazobanduka. Kwenye simu hakuviona. Hapa kila kidole kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na hakukuwa na mtu nyuma yake.

Minong'ono ilipita ukumbini. "Mkono wa nani ule?" mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, na mwingine akajibu, "Si wa dada'ke?"

Gunnvor alirudisha macho kwenye karatasi kwa kuwa hakujua pengine pa kuyaweka. "Vetle alikuwa kijana mchangamfu," alisoma. "Alipenda kuvua na kucheza mpira. Alipoanza kubadilika, tulitafuta msaada."

Kiti kilikwaruza sakafu. Ragnhild alikuwa amesimama. Hakulia wala hakukimbia. Alichukua koti lake, akalivaa mkono mmoja na kisha wa pili, akatembea kandokando ya ukuta mpaka mlangoni, na watoto mia tatu wakageuza shingo kumsindikiza.

"Endelea," Halvard alimnong'oneza Gunnvor kutoka pembeni. "Endelea tu, Kjersti atamfuata."

Akasoma neno moja zaidi. Neno lenyewe lilikuwa tuka-, nusu ya neno. Maana asubuhi ile nyingine, mwaka jana, pia aliendelea. Vetle alisema tumbo linamuuma, naye akamwambia nenda, litapoa ukishafika, kwa sababu walikuwa wamepungukiwa na watu dukani na mikate ilikuwa tanurini. Aliendelea na mikate mpaka saa nane.

"Samahani," alisema kwenye maikrofoni, na spika zikaipeleka sauti yake mpaka kwenye maandazi. "Nina mtoto mwingine."

Akaiacha karatasi pale pale, akashuka.

* * *

Alimtafuta chooni, akamtafuta maktaba. Akamkuta katika chumba cha kubadilishia nguo cha wasichana, kwenye benchi la mwisho, koti limefungwa mpaka kidevuni, akivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyetolewa majini. Sakafuni chini ya benchi palikuwa na karatasi za vyakula vya mchana, nyingi, zimekunjwa vizuri na kusukumizwa nyuma ya bomba. Hapa ndipo alipokuwa anakula, basi. Au anapofunga chakula chake upya na kukitupa.

Gunnvor alikaa sakafuni. Hakumgusa. Alisubiri mpaka pumzi ziwe ndefu kidogo.

"Nilikukata," alisema. "Kwenye picha. Walisema awe peke yake."

"Najua."

"Sikufikiri."

"Najua, mama. Si hiyo." Ragnhild alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Hiyo pia. Lakini si hiyo."

Ukutani spika ndogo ilikuwa ikileta sauti ya Halvard kutoka ukumbini, akiwaomba wanafunzi wakae watulie. Gunnvor aliinuka, akazungusha kitufe mpaka ikanyamaza, akakaa tena.

"Na mimi hunijia," Ragnhild alisema.

"Nini?"

"Ile ya Vetle."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Au kabla. Asubuhi tumbo linakuwa kama jiwe. Siwezi kuingia darasani mpaka wote wameshaingia, halafu wakishaingia siwezi kuingia kwa kuwa wameshaingia. Walimu wananiuliza kwenye korido, 'Uko sawa, Ragnhild?' huku wanatembea. Nasema sawa. Unawaona wanavyoshusha pumzi."

"Mbona hukuniambia tumbo linakuuma?"

"Nilisema mara moja, mwezi wa tano. Hukujiona sura yako."

Gunnvor alikumbuka. Alikuwa amedondosha kikombe siku ile. Alifikiri kimeteleza.

"Nikaacha kusema," Ragnhild aliendelea. "Baba haongei. Wewe unalia bafuni na maji umeyafungulia ili tusisikie, na tunasikia. Nyumba imejaa, mama. Nikaona mimi nitakaa nje kidogo mpaka nafasi ipatikane."

Kuna maswali ambayo mzazi huyazunguka mwaka mzima kama shimo barabarani. Gunnvor aliuliza lake huku ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Unafikiria kufa?"

"Wakati mwingine. Si kila siku."

"Leo?"

Ragnhild alivuta kola ya koti mpaka mdomoni. "Picha ilipotokea," alisema. "Ndiyo. Niliona kama tayari nimeshatoka."

* * *

Kjersti aliwakuta pale, akihema, shanga zake zimehamia begani. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alisema muuguzi wa shule huja Jumanne na Alhamisi. Alisema yeye mwenyewe angejaza fomu ya rufaa leo hii kabla ya chakula, na kliniki ya vijana ingewapigia, pengine ndani ya wiki saba, nane.

"Leo," Gunnvor alisema.

"Nakuelewa kabisa, Gunnvor, ila utaratibu—"

"Kjersti. Simu zangu sita mmezifuta kwa penseli, nikasema sawa. Sasa hivi nampeleka mtoto mjini, na wewe utapiga simu hospitali, mbele yangu, uwaambie tunakuja. Sisemi sawa leo."

Kjersti alimtazama Ragnhild, kisha akatoa simu. Alisubiri kwenye simu dakika kumi na mbili, muziki wa kusubirisha ukilia kwenye kile chumba chenye harufu ya soksi, na alipojibiwa hakukubali kukatiwa. "Hapana," alisema mara mbili. "Hapana, hawezi kusubiri. Andika kwamba mimi ndiye niliyesema."

Huko nje watoto walikuwa wameachiliwa na walikuwa wanakula maandazi.

* * *

Kutoka kisiwani kwenda mjini njia ni moja tu, kivuko. Torleif aliliona gari lao likija kwenye foleni ya saa tano na dakika arobaini, akiwa na kizibao chake cha njano na mkono hewani akiwapanga watu. Alijua ratiba ya siku ile. Alijua mkewe alipaswa kuwa kwenye maikrofoni na binti yake kwenye kiti. Akaja dirishani.

"Mnakwenda wapi?"

"Hospitali. Ragnhild anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Gunnvor alitafuta neno la kupunguza makali, hakulipata. "Anaumwa alichoumwa Vetle."

Torleif alibaki amesimama, mkono mmoja ukiwa bado juu. Nyuma yao mwenye lori la samaki alipiga honi, akatoa kichwa. "Vipi, Torleif! Kivuko kimegeuka baraza leo? Wake zetu tunawaona nyumbani!" Kulikuwa na kicheko kwenye gari lingine. Torleif akageuka, akamwashiria mwenye lori apite, kushoto, mbele, mbele, simama. Akawapanga wote waliobaki mpaka wa mwisho, lango likafungwa, injini ikanguruma. Kisha akaja akafungua mlango wa nyuma wa gari lake mwenyewe, akaingia na kizibao chake na harufu yake ya dizeli, akakaa kando ya binti yake.

Safari ni dakika kumi na tano. Dakika tano za kwanza alikuwa ameshika kamba ya kiatu cha Ragnhild iliyofunguka, akiifunga, akiifungua, akiifunga tena.

"Nilidhani wewe ndiye mzima kati yetu," alisema mwishowe.

"Nilijua unadhani hivyo," Ragnhild alisema. "Ndiyo maana."

"Si kazi yako hiyo."

"Sasa ilikuwa ya nani?"

Gunnvor aliwaona kwenye kioo cha dereva. Torleif alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Ilikuwa sauti ambayo hakuitoa kanisani, wala kaburini, wala siku yoyote ya mwaka ule mzima, na alipokuwa akiitoa alikuwa ameinamia kiatu cha mtoto kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa pale. Ragnhild aliweka kiganja juu ya kofia ya baba yake. Akakiacha hapo. Kisha akakiondoa, taratibu, akakiweka mapajani mwake mwenyewe.

"Baba, siwezi," alisema. "Leo siwezi kukubembeleza."

"Hapana," Torleif alisema. "Hapana, usinibembeleze." Akajipangusa uso kwa kizibao. Redio kifuani mwake ilikuwa inamwita langoni, mara ya pili, mara ya tatu. "Zamu yangu inakwisha saa tisa. Nitakuja. Mnasikia? Nitakuja nilivyo hivihivi."

Akashuka. Akasimama mahali pake, lango likateremka, na akalipungia gari la mkewe litangulie mbele ya mengine yote, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumfanyia mtu.

* * *

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea milimani, miwani kichwani. Alijitambulisha kwa Ragnhild kwanza na kwa mama yake baadaye. Akavuta viti vitatu, kisha akasita.

"Ragnhild, nitakuuliza mambo mengi, mengine magumu. Ungependa mama awe humu ndani au nje?"

Gunnvor alikuwa ameshakaa. Mkoba ulikuwa magotini, ndani yake maji, ndizi, na sweta. Alikuwa tayari kukaa pale mpaka Jumatatu.

Ragnhild alimtazama mama yake kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anapima kama mama atavunjika.

"Nje," alisema.

"Sawa," Gunnvor alisema. Akainuka, akaacha mkoba kwenye kiti, akatoka na kufunga mlango nyuma yake.

Koridoni palikuwa na benchi la plastiki na dirisha linalotazama maegesho ya magari, mvua ikinyesha juu ya yote. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Halvard. Ikatetemeka mpaka ikachoka, ikaanza tena, akaizima.

Mwanzo hakusikia kitu. Akafikiri mtoto amekataa kusema, akashika kitasa, akakiachia. Kisha ikaanza, nyuma ya ubao mnene wa mlango, sauti ya Ragnhild. Maneno hayakusikika, sauti tu. Ilikuwa inasema, inasimama, inasema tena, inaharakisha, na haikukoma. Mwaka mzima na nusu nyumbani hawakuwa wamepata robo ya maneno yale. Alikuwa anayatoa kwa mtu ambaye alikuwa amemjua kwa dakika nane.

Angeweza kusogeza sikio. Hakuna aliyekuwa anamwona. Gunnvor alihamia mwisho kabisa wa benchi, mbali na mlango, akafunika uso kwa viganja vinavyonukia mdalasini, akawa anaomba kitu kimoja tu, kwamba sauti ile isinyamaze.